Twende Kilioni Tayari

Mimi hufuma foronya za mito ya kochi, zile nene zenye vinundu na matuta, na mtu akiniuliza mshono fulani unaitwaje humjibu kwa jina tulilolitunga wenyewe, maana hatukufundishwa na kitabu. Ule wa kuingiza nyuzi tano kwenye tundu moja na kuzifunga pamoja mpaka zivimbe tunauita bisi. Ule wa vipande vinavyolaliana tunauita magamba. Na ule ninaoupenda kuliko yote, wa matuta yaliyonyooka kutoka chini hadi juu ya mto bila kupinda, tunauita twende kilioni. Umefanana mno na ule msuko wa nywele wa harakaharaka, mistari iliyolala moja kwa moja kuelekea kisogoni, anaosukwa mwanamke aliyepata habari ya msiba na hana muda wa mapambo. Jina baya kwa kitu kizuri, lakini lilishakaa. Kwenye kikundi chetu hapa Njombe mtu husema "leo nimeshinda na twende kilioni" na hakuna anayempa pole.

Jina hilohilo ndilo lililoniaibisha stendi ya Makambako mbele za watu, na sijutii hata kidogo.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Sijivunii, lakini sifichi. Hasira yangu inawaka upesi na inachelewa kuzimika. Dada yangu, aliyenizidi miaka saba, ni tofauti. Yeye hakasiriki, anakosoa tu. Atakukosoa kwa sauti ya upole kabisa, huku anakumiminia chai, na ukimaliza kikombe hujui kama umekaribishwa au umechapwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kufuma, tukiwa wasichana kwa wazazi wetu, karibu na misheni. Sindano yetu ilikuwa spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha, na uzi wetu tuliufumua kwenye viroba vya mahindi. Nikikosea hakusema neno. Alishika ncha ya uzi, akavuta, na kazi yangu ya asubuhi nzima ikarudi kuwa uzi. "Anza tena, mdogo wangu." Kwake kufuma na kufumua vilikuwa kazi moja. Nilipokuwa na miaka tisa nililia. Nilipofika kumi na mbili nilikuwa najua kufuma kuliko wasichana wote wa pale kanisani, na nilijua ni kwa sababu yake.

Lakini kuna umri ambao mtu hafumuliwi tena.

Dada aliolewa Makambako, na walipohamia nyumba yao mpya nilimpelekea zawadi ya foronya nne za uzi mnene, rangi ya maziwa, bisi tupu mbele na nyuma. Nilizifuma miezi miwili. Nilifika siku ambayo akina mama wa jumuiya walikuwa wamekusanyika kwake kwa sala, sebule imejaa. Nikazitoa kwenye mfuko, wakapiga vigelegele. Dada akachukua moja, akaigeuza, akapitisha kidole ukingoni, akasema kwa ile sauti yake, "Hapa pamelegea, mdogo wangu." Nikamwona anaishika ncha ya uzi.

Uzi mwembamba ukiuvuta unabishana nawe kidogo. Uzi mnene hauna ubishi, unakuja wote. Kabla sijafungua mdomo foronya yangu ilikuwa imegeuka rundo la tambi mapajani mwake, na yeye anatabasamu, ananyoosha mkono nimpe sindano anionyeshe. Mbele ya wale akina mama wote! Nilisimama, nikachukua mkoba wangu, nikasema neno ambalo kwetu huiambii damu yako: "Basi, tutaonana kilioni." Maana yake mpaka afe mtu ndipo nitakapokanyaga hapa. Nikaondoka bila kunywa chai.

Nilipofika nyumbani hasira ilikuwa bado inatafuta pa kutulia. Nikachukua simu. Nilikuwa nimemhifadhi kama "Dada Makambako". Neno Dada nikalifuta. Likabaki Makambako tu, kama vile nina namba ya mji mzima.

Tukakaa miaka miwili bila kusemezana. Nilikwenda Makambako mara nyingi kununua uzi, na kila nilipofika kona ya kwenda kwao niligeuza uso upande wa pili. Mama mdogo wetu wa Ilembula, mdogo wake marehemu mama, ndiye mzee pekee tuliyebaki naye. Alipolazwa hospitali tulikwenda kumwona kila mmoja kwa siku yake, na uuguzi wenyewe tulipokezana bila kukutana, kama walinzi wa zamu. Mama mdogo akanieleza kwamba dada huniulizia. Nikamwambia, akiniulizia ana simu. Akasema na dada amejibu hivyohivyo. Jirani yangu mmoja, aliyechoka kunisikiliza, aliniambia ule msemo wa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, akaongeza kwamba yeye kwenye ugomvi wetu alishalima, akapalilia, na sasa anaona magugu tu.

Ukweli nilimtaka dada yangu. Kila nilipomaliza foronya niliigeuza na kupitisha kidole ukingoni jinsi anavyofanya yeye, halafu naikunja kwa hasira. Nilitaka arudi kwangu, lakini nilitaka aanze yeye. Na nilimjua. Hakuwa mtu wa kuanza.

Mwaka jana, kipupwe kilipoanza, nilipata mteja mmoja Makambako, mke wa mfanyabiashara, mama wa Kiislamu mcheshi aliyehamia pale kutoka mbali na ambaye baridi yetu ilikuwa bado inamshangaza. Alikuwa amenunua makochi mapya na akataka foronya sita za uzi mnene, rangi ya kahawia. "Nataka zenye matuta," aliniambia, "mgeni akiegemea asikie kwamba ameegemea kitu." Nikamwonyesha mishono yote. Kidole chake kikaangukia twende kilioni. Nikamtajia jina, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema hata kwao msuko huo wanaujua. Tukakubaliana nimtumie ujumbe zikiwa tayari.

Kazi ile niliifurahia toka mwanzo. Uzi mnene wa dukani ni adimu na si imara, kwa hiyo mimi huutengeneza. Nachagua sweta za mitumba zilizochakaa viwiko lakini nzima mwilini, nazifumua, naufua uzi, nauning'iniza na kopo la maji ili unyooke, halafu napota nyuzi tatu kuwa moja. Ndiyo, nilishaligundua mwenyewe, halihitaji mtu wa kunionyesha: mimi niliyegombana na dada kwa kufumua nakula kwa kufumua. Sweta hazilalamiki, hiyo ndiyo tofauti.

Sindano yangu ya uzi huo imechongwa na fundi wa mbao kutoka mti mgumu, nene kama kidole gumba. Kwa twende kilioni huingizi sindano juu ya mshono. Unaipitisha nyuma ya nguzo yake, ule mwili wa mshono uliosimama, unaikumbatia nguzo yenyewe, na hapo uzi unainuka na kusimama. Mstari unaofuata unaikumbatia tena nguzo ileile. Ukiruka nguzo moja tu tuta linakatika, na jicho la mteja linakwenda moja kwa moja hapo. Nilikuwa nakaa jikoni karibu na jiko la mkaa, ukungu nje umelala mpaka saa nne, viazi vinachemka, na kila baada ya mistari kumi nalipapasa tuta kwa kiganja. Nilikuwa na raha. Nikimaliza moja naitandika juu ya mto naipiga ngumi katikati, na matuta yananyanyuka tena polepole.

Nilimaliza ya sita siku ya Jumanne. Jumatano asubuhi na mapema nikajiandaa kwenda. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake na simu imebakiwa na chaji ya kuomba Mungu, kwa hiyo niliandika ujumbe mfupi, bila miwani, nimesimama mlangoni na mfuko wa salfeti umejaa foronya:

"Mama, twende kilioni tayari. Natoka Njombe sasa hivi, saa nne niko stendi."

Mteja nilikuwa nimemhifadhi kama "Makambako Mito". Nikatafuta Makambako, nikabonyeza ile ya juu, nikatuma, nikazima simu kuokoa chaji. Ile ya juu haikuwa ya mito.

Njia nzima nililala. Nilishuka stendi nikiwa mchangamfu, mfuko kichwani, nikimtafuta mama mwenye baibui. Badala yake nikamwona dada yangu.

Alikuwa amesimama kando ya ukuta wa duka la vipuri. Amejifunga kitenge kiunoni, kingine kichwani, miguuni ndoo ya unga na kifurushi cha maharage. Macho mekundu. Mwanamke aliyevaa hivyo hana haja ya kusema anakokwenda. Mama mdogo, nikawaza. Mama mdogo ametutoka, na dada amekuja kunipokea aniambie. Sikujiuliza amejuaje kwamba nakuja. Nilitua mfuko, nikamkimbilia, naye akanikimbilia, na tukashikana pale katikati ya stendi tukalia.

Tulilia kweli. Nililia kwa ajili ya mama mdogo, na kwa miaka miwili, na kwa sababu dada alikuwa amekonda na harufu yake ilikuwa ileile ya moshi na sabuni ya mche. Watu wakaanza kusogea. Mwenye duka la vipuri, mzee wa kofia, akatoka na benchi lake, akatukalisha, akatuletea maji, akasema, "Poleni sana, mama zangu. Sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea." Muuza karanga akavua kofia.

"Saa ngapi?" dada akaniuliza alipopata sauti.

"Saa ngapi nini?"

"Amefariki saa ngapi?"

Nikamwangalia. "Dada, si wewe unayejua?"

"Nijuaje mimi? Si wewe umeniambia?"

"Mimi nimekuambia nini?"

Akatoa simu kwenye kifundo cha kitenge, akanisogezea usoni. Ikabidi nivae miwani. Nikaupata ujumbe wangu mwenyewe, na juu yake, kwenye simu yake, jina nililohifadhiwa nalo: "Mdogo wangu". Hakuwa amefuta kitu. Niliusoma mara ya kwanza kama nilivyouandika. Mara ya pili nikausoma jinsi alivyousoma yeye, Mama akiwa ni mama mdogo, yeye mtu ambaye maneno ya mwisho aliyoyasikia kutoka kwangu yalikuwa tutaonana kilioni. Amepiga simu yangu mara nne, imezimwa. Anajua kwamba njia ya Njombe kwenda Ilembula inapita hapo stendi. Nani angesoma vingine?

"Dada," nikasema, "hajafa mtu."

"Hajafa?"

"Ni mshono. Twende kilioni ni mshono. Ni foronya."

Nikafungua salfeti na kumtolea moja. Akayaangalia yale matuta, akanitazama, akaitazama tena. Bado hakuamini. Akapiga simu Ilembula, na ikapokelewa na mama mdogo mwenyewe, aliyetaka kujua kwa nini dada anapumua hivyo kama mbwa wa mawindo, na alipoelezwa akasema yeye anachambua mboga, kama tumeshaanza kumlilia basi tumpelekee huo unga akiwa na meno ya kuula. Hapo dada akaanza kucheka. Dada yangu hacheki ovyo, lakini siku hiyo alicheka mpaka kitenge cha kichwani kikamfunguka. Ilinibidi mimi ndiye niende kumweleza mzee wa vipuri kwamba msiba haupo. Alinisikiliza kwa makini, akasema alhamdulillahi, akasema pia kwamba tangu afungue duka hilo hajawahi kuona watu wanalilia mto. Benchi akatuachia.

Tukakaa. Hasira yangu niliitafuta, kwa mazoea tu, sikuiona. Nilikuwa nafurahi kama mtoto na sikutaka ijulikane.

Dada akaichukua ile foronya, akaigeuza. Nikajua kinachofuata. Kidole chake kikaanza kutembea ukingoni, polepole, mshono kwa mshono, akafika kona ya tatu, kikasimama. Nilijua palipo. Pale ndipo nilipounganisha uzi mpya, na nilikuwa nimeharakisha.

"Hapa pamelegea," akasema.

"Najua."

Kidole kikabaki pale. Halafu akakiondoa, akaikunja foronya mara mbili, akaiweka mapajani na kuilalia kwa viganja vyote viwili.

"Siku ile mbele ya wale akina mama," akasema, "nilikosea. Nilikuona una miaka tisa."

Nikavuta pua tu.

"Nikuambie kitu, na usimwambie padri," akaendelea. Sasa alikuwa anaongea bila kuniangalia, anaangalia magari. "Leo asubuhi simu ilipolia nikaona ni wewe. Nikasoma. Na kabla sijawaza nani amekufa, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikaa kitandani nikafurahi kwamba umeniandikia. Shemeji yako akaniuliza kuna nini, nikamwambia kuna msiba, huku natabasamu. Akadhani nimechanganyikiwa. Kulia nilikuja kukumbuka baadaye."

Jibu lilinikaa ulimini: sikukuandikia wewe, nimekosea namba. Ni maneno machache, na mimi husema ukweli hata usipohitajika, ndiyo tabia yangu, ndiyo maana sina marafiki wengi. Nikamtazama amekaa na kitenge chake cha msiba, ndoo ya unga miguuni, mikono juu ya foronya yangu iliyolegea kona ya tatu.

"Nilitaka uzione," nikasema. "Ndiyo maana nikakuandikia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nikaona uso wake unalainika, na nikajiambia kwamba uongo huu nitautubu, lakini si leo.

Nilikuwa nimeshawasha simu ili nimtafute mteja. Haikupita dakika ikalia, na simu yangu ni ile ya zamani, anayeongea unamsikia hata ukiwa upande wa pili wa barabara.

"Mama wa mito!" mteja akasema. "Mbona kimya? Si tulikubaliana utanitumia ujumbe twende kilioni zikiwa tayari? Toka jana naangalia simu, sijapata kitu."

Nikaibana simu sikioni, nikachelewa. "Ziko tayari, mama. Niko stendi. Nakuletea sasa hivi."

Nikakata. Sikuthubutu kugeuka. Kando yangu nilisikia salfeti inafunguliwa. Dada alikuwa anarudisha foronya, anazipanga moja juu ya nyingine kama mtu anayepanga nguo za mtoto, bila haraka. Alipomaliza akafunga mdomo wa salfeti kwa fundo.

"Kumbe ujumbe haukuwa wangu," akasema.

"Dada..."

"Umeingia kwenye simu yangu." Akasimama, akakaza kitenge kiunoni, akajitwisha salfeti kichwani yeye mwenyewe. "Siurudishi. Beba hiyo ndoo, tupeleke mito ya watu."